Birika la Salman na Cherehani ya Rafiki Yangu

(Mawaidha kwa vijana baada ya Swala ya Alasiri, Mombasa)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Amma baad.

Leo sitaki kukuzungumzia njaa ya Ramadhani. Hiyo waijua. Nataka tuzungumze kuhusu shibe.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu mmoja, jina lake nalihifadhi, alinialika futari nyumbani kwake hapa Mombasa. Tumesoma chuo kimoja tangu tukiwa watoto. Nikaenda na tumbo tupu na mikono mitupu. Adhana ilipolia tukafungua kwa tende na maji, tukaswali Maghrib jamaa, kisha tukakaa mkekani. Basi vyakula vikaanza kuja. Kwanza uji wa pilipili manga. Zikaja sambusa za nyama na kachori. Vikafuata viazi vya karai na chatne ya ukwaju. Mara mbaazi za nazi na mahamri, mara mihogo, mara samaki wa kupaka. Tulipodhani tumemaliza, ukaletwa mkate wa sinia na tambi za sukari. Sahani moja ikitoka, nyingine yaingia. Tulikula, tukacheka, tukakumbushana bakora za maalim. Wallahi nilistarehe.

Ikaja kahawa. Nami, Allah anisamehe, nikasema kwa mzaha: "Yakhe, kahawa gani hii haina halua?" Akacheka, akatoka nje. Hakukawia, halua hiyo hapo.

Baada ya Idd nilipita duka la mtaani kwake. Mwenye duka akaniita pembeni, akanifungulia daftari, akanambia nimsemeshe rafiki yangu kuhusu deni. Alidhani najua. Kumbe mwenzangu hakuwa na kazi tangu Rajab! Unga, mchele, mafuta, sukari, nazi, vyote vimeandikwa tarehe moja, siku ile niliyofuturu kwake. Mstari wa mwisho haukuwa bidhaa, ulikuwa pesa taslimu: za halua. Na nyuma ya kaunta niliiona cherehani ya mkewe, imewekwa rehani. Mama yule hushona nguo za Idd, na mwezi ambao angepata riziki yake, cherehani ilikuwa dukani kwa sababu ya tumbo langu.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha Salman Al-Farisy (R.A.), alichokipokea Al-Hakim. Wageni wawili walimtembelea, akawawekea mkate na chumvi, akawaeleza kwamba lau Mtume (S.A.W.) asingewakataza kujikalifisha, angejikalifisha kwa ajili yao. Mgeni mmoja akatamani chumvi ile ingekuwa na zaatari. Salman akatoa birika lake la kutawadhia, likawekwa rehani, zaatari ikaletwa. Walipomaliza, mgeni akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwakinaisha na riziki waliyopewa. Salman akamjibu kuwa lau angekinai, birika lake lisingekuwa rehani.

Kisa hiki nilikisikia mara nyingi darasani. Sikujua kwamba mimi ndiye mgeni yule.

Usinifahamu vibaya. Kula kwa rafiki si kosa. Katika Suratun Nur, aya ya 61, Allah ametaja nyumba ya rafiki pamoja na nyumba za jamaa ambazo hatuna lawama kula ndani yake. Na kufuturisha kuna malipo makubwa: katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, bila ya ujira wa mfungaji kupungua. Lakini angalia, ndugu msomaji, hakuna palipotajwa idadi ya sahani. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifuturu kwa tende mbivu, akikosa hizo basi kavu, akikosa hizo basi mafunda ya maji. Alipofika kwa Saad bin Ubada (R.A.) aliwekewa mkate na mafuta ya zaituni. Akala, akamwombea dua. Na katika Sahihi Muslim, alipoambiwa nyumbani hakuna kitoweo ila siki, aliitaka, akala huku akiisifu.

Tena haki ya mgeni ina mpaka. Bukhari amepokea kwamba ukarimu ni siku tatu, wala si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Ikiwa kukaa kwingi kunakatazwa kwa sababu ya dhiki, je, neno moja la mzaha lililompeleka mwenzako kukopa?

Nilimwendea rafiki yangu. Mwanzo alikasirika. Akanambia, "Ulitaka nikuwekee mihogo mitupu, wewe uliyekuja baada ya mwaka?" Hapo nikaona kosa letu sote wawili. Yeye aliona haya ya umasikini mbele yangu, nami sikuwa rafiki wa kuulizia hali yake tangu Rajab. Nilitaka kulipa deni lote, akakataa. Tukakubaliana nusu kwa nusu, na cherehani ikarudi nyumbani kwanza.

Kwa hivyo vijana wenzangu, nawausia na nafsi yangu naiusia kwanza. Ukialikwa, usiende mikono mitupu. Hata fungu la tende ni kitu. Usiulize kisichokuwepo. Kula mbele yako, sifu ulichokuta, na kama hukipendi nyamaza, kwani Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula. Nawe mwenyeji, toa ulicho nacho, usimwonee haya rafiki. Akikudharau kwa mihogo, huyo hakuja kwa ajili yako. Tuwaonee huruma pia mama zetu na dada zetu wanaosimama jikoni tangu Adhuhuri, tukishiba tukaenda Tarawehe, wao wakabaki na masufuria. Na kabla ya kumwalika mwenye nacho, tazama mlango wa jirani ambao hautoi moshi.

Ramadhani iliyofuata alinialika tena. Tulifungua kwa tende alizonunua yeye, tukala mihogo ya nazi, na samaki niliyemchukua mimi. Sahani mbili tu. Kahawa ilipokuja hakuna aliyetaja halua. Chumba cha pili cherehani ilikuwa ikilia, nguo za Idd zinashonwa. Sijapata kula futari tamu kuliko ile.

Tunamwomba Allah (S.W.) atukinaishe na alichoturuzuku, azikubali funga zetu, na awape wasaa ndugu zetu walio katika dhiki wasioisema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.