Kiroba cha Kamba ya Bluu: Habari ya Taka za Jikoni

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, mwaka 2024. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie taka za nyumbani. Najua wapo waliocheka walipoona ratiba: hisa, mikopo, marejesho, halafu takataka! Hata siku nilipolileta jambo hili kikaoni mara ya kwanza, mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Sisi ni kikundi cha fedha, si cha wazoa taka." Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi siku ile sikumjibu vizuri, maana jibu lenyewe niliona aibu kulisema. Leo nitalisema.

Sote tunazikumbuka mvua za Aprili 2018 hapa Dar es Salaam. Mtaro wa nyuma ya nyumba zetu ulifurika usiku, maji yakaingia kwa mwenzetu anayekaa kule bondeni. Alikuwa amechukua mkopo wa kikundi wiki tatu kabla, akanunua mchele, unga na sukari ya kuanzia genge. Asubuhi tulipokwenda kumpa pole tulikuta magunia yameloa, unga umekuwa uji. Vijana walipozibua mtaro walitoa nini? Makumbi ya nazi, maganda ya ndizi na mihogo, chupa za maji, mifuko, pampasi. Na katikati ya rundo lile nikakiona kiroba nilichokifunga mwenyewe kwa kamba ya bluu. Gari la taka lilikuwa halijapita wiki mbili, nikampa mwanangu akakitupe huko nyuma, nikijisemea mvua itakichukua. Kweli ilikichukua, ikakipeleka kwa mwenzangu.

Kikundi kilimsaidia kutoka mfuko wa jamii na kumwongezea muda wa marejesho. Mimi nilichanga kama wengine, nikanyamaza. Juzi tu, kabla ya sherehe hii, nilikwenda kwake nikamweleza. Alinitazama, akasema, "Dada, kwani unadhani kiroba kilikuwa kimoja?"

Jamani, ndiyo maana habari hii inahusu kikundi cha fedha. Mkopo wetu ulizama katika taka zetu wenyewe.

Tuna desturi ya kusema taka "zimeondoka". Haziondoki, zinahama. Wazee wa mji huu wanakumbuka dampo lilipokuwa Tabata. Moshi na harufu viliwachosha wakazi, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishitaki Halmashauri ya Jiji, na mahakama ikawapa haki. Basi taka zikahamia Vingunguti, ambako nako kuna watu. Baadaye zikapelekwa Mtoni, na sasa zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Kila mara kuna mama anayeanua nguo zake zikinuka moshi wa taka za mama mwingine. Siwalaumu wanaozoa, kazi yao ni ngumu. Nasema tu kwamba taka ambayo haikutoka uani kwako haimsumbui mtu.

Baada ya masika yale nilifanya kitu kidogo. Kwa wiki moja nilimwaga ndoo yangu ya taka juu ya gunia kila jioni, nikazichambua kwa kijiti. Watoto waliniona nimechanganyikiwa. Nikaona kwamba sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mashina ya mchicha, majani ya chai, takataka za kufagia uwanja. Chupa na makopo vilikuwa kidogo. Taka hasa, yaani kitu kisichofaa kwa lolote, ilikuwa chache mno. Lakini nikichanganya vyote, vyote vinakuwa uchafu. Chupa iliyopakwa uozo hainunuliki vizuri, na maganda yenye vipande vya plastiki hayawi mbolea. Kwa hiyo kazi yote inaanzia jikoni, kwenye vyombo viwili: kimoja cha vinavyooza, kingine cha vikavu.

Kuozesha si jambo la kizungu. Bibi zetu walikuwa na jaa nyuma ya nyumba, na hapo ndipo maboga na mipapai ilipostawi bila kupandwa. Wenzetu wa Kilimanjaro wamelisha migomba yao kwa samadi na majani ya migomba yenyewe tangu zamani. Sisi wa mjini ndio tuliosahau, kwa kuwa uwanja umekuwa mdogo.

Sasa nieleze ninavyofanya, maana wengi mmeniuliza.

Tafuta mahali pa kivuli, kwenye udongo, pasipotuama maji. Upana wa hatua moja unatosha. Asiye na uwanja achukue ndoo kubwa mbovu au pipa, atoboe matundu chini na ubavuni. Chini kabisa weka vijiti au makumbi yaliyopasuliwa, hewa ipite. Kisha kila ukimwaga kipimo kimoja cha maganda, funika kwa vipimo viwili au vitatu vya vitu vikavu: majani makavu, nyasi, maranda ya fundi seremala, boksi lililochanwachanwa. Nyunyiza udongo kidogo, na samadi ya kuku kama unayo. Maganda makubwa yakate. Majivu ya mkaa ni konzi moja moja tu, si kumwaga jiko zima. Funika kwa gunia ili mvua isilowanishe na kuku wasichakure.

Maji yawe kiasi. Chukua konzi ukamue: ikitoka tone moja au mawili, sawasawa. Yakichuruzika, yamezidi. Kila baada ya wiki mbili pindua, cha juu kiende chini. Chomeka fimbo katikati, iache kidogo, kisha uishike: rundo kubwa linalofanya kazi litaitoa ikiwa ya moto. Ndoo ndogo haipati joto kama hilo, lakini nayo huozesha, taratibu. Kwa joto letu la pwani, miezi mitatu hivi mboji inakuwa tayari. Utaijua: nyeusi, inamong'onyoka, inanukia udongo ulionyeshewa.

Usiweke nyama, matumbo ya samaki, mafuta, wala ugali na wali uliobaki. Utaita panya na inzi. Kinyesi cha mbwa na paka, pampasi, betri na dawa, marufuku kabisa.

Haya nimeyajua kwa kukosea. Rundo langu la kwanza lilikuwa maganda matupu, hakuna kikavu, nikalimwagia na maji. Siku ya kumi likanuka mayai viza. Jirani yangu, ambaye yupo hapa na ananicheka, alinipelekea malalamiko kwa balozi. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemhamishia taka puani. Nililifumua, nikachanganya magunia mawili ya majani makavu, nikalipindua kila siku mbili. Harufu ikaisha ndani ya wiki. Tangu hapo nimejua: likinuka, limekosa hewa, ongeza vikavu na pindua; likijaa sisimizi, ni kavu, nyunyiza maji. Mavuno ya kwanza nilimpelekea jirani yule yule ndoo moja ya mboji. Sasa mchicha wake unaupita wangu.

Na faida ipo. Udongo wetu ni mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana umekauka. Ukichanganya sehemu moja ya mboji na mbili za mchanga ndani ya kiroba, unyevu unakaa. Nina viroba sita vya mchicha, matembele na bamia ukutani. Sisemi nimekuwa tajiri. Nasema mboga ya siku tatu kwa wiki siinunui, na pesa hiyo ndiyo inayonikamilishia hisa zangu. Katibu anaweza kufungua daftari akawaonyesha.

Kuhusu vikavu: chupa za plastiki, makopo na vyuma chakavu vina wanunuzi wanaopita mtaani na mizani. Zioshe, ziminye, zifunge pamoja. Mmoja mmoja tunauza kwa bei ya kutupa. Tukikusanya pamoja tunaweza kupatana bei. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mtaro wetu umeona nafuu, lakini vifungashio bado vipo tele. Hapo naomba tusemeane ukweli kina mama: nani hapa hajawahi kuwashia mkaa kwa kipande cha plastiki? Mimi nimewasha miaka mingi. Moshi ule ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto wa mgongoni. Tuwashie kwa vijiti au vifuu vya nazi.

Mama Mwenyekiti, namaliza kwa maombi matatu.

Kwanza, kila mwanachama awe na vyombo viwili jikoni kabla ya vuli. Asiye na ndoo mbovu aniambie, ninazo.

Pili, siku ya kikao kila mmoja aje na chupa zake. Ziuzwe kwa pamoja, na fedha iingie mfuko wa jamii, ule uliomwinua mwenzetu mwaka 2018.

Tatu, kabla ya kila masika tuzibue mtaro sisi wenyewe, kuanzia kwangu hadi kule bondeni. Asiyefika alipe faini kama ya kuchelewa kikao. Mimi nitakuwa wa kwanza na jembe.

Mwenzetu wa bondeni ameniruhusu niseme kwamba genge lake limesimama tena, na mkopo ule alimaliza kuulipa. Hakunidai chochote. Lakini mimi najua ninachodaiwa, nami nakilipa kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzangu, mtaro ule ndio ufa wetu.