Zana Zifuate Kazi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wahasibu wa vyama vya msingi, Iwawa, Wilaya ya Makete)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya vikundi vya wanachama wetu vinavyoanza biashara ndogo, na hasa juu ya gharama za mashine, simu, kompyuta na vyombo vingine ambavyo siku hizi huhesabiwa kuwa ndiyo mlango wa kuingilia katika biashara. Sikuja kuwafundisha wenyeji wa Makete kufanya biashara. Wakinga wamekwisha kujulikana Mbeya, Iringa na hata Kariakoo kwa kuanza na mtaji mdogo na kuukuza kwa uvumilivu, na pengine mimi ndiye niliyestahili kukaa kwenye viti mlivyokalia. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni mpangilio wa kutumia fedha ya kwanza. Katika kusoma maombi ya mikopo ya vikundi nimeona mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya fedha imetengewa chombo, na mnunuzi wa bidhaa hakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Ushirika wetu wenyewe haukuanza hivyo. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafanyakazi wachache, wengi wao wafumaji, walifungua duka katika chumba cha chini cha ghala walichokikodi. Mtaji wao ulikuwa kama pauni 28, waliouchanga kidogo kidogo. Waliweka siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa michache, wakafungua jioni chache tu za juma kwa sababu mchana walikuwa kazini. Vyombo vyao vilikuwa meza, mizani na daftari. Walivuta wanunuzi kwa kuuza unga usiochanganywa na kupima uzito kamili, katika mji ambao wenye maduka wengi hawakufanya hivyo. Jengo lao kubwa la duka walilifungua mwaka 1867, yaani baada ya miaka 23.

Hapo naomba nisimame kidogo kwenye mizani, kwa sababu kwetu huku mizani ndiyo zana ya kwanza na ndiyo inayosahauliwa.

Ndugu wajumbe, nyote mnaijua lumbesa. Mkulima wa viazi hujaza gunia, kisha juu yake hushonewa kichwa, na gunia lenye kichwa huuzwa kwa bei ya gunia. Sheria ya vipimo ya nchi hii inakataza mazao kufungashwa katika gunia linalozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na jambo hili kwa miaka mingi. Lakini dalali aliyefika shambani na gari, jua likiwa linazama, hawezi kubishiwa na mtu ambaye hana cha kupimia. Tuchukue mfano wa hesabu. Kikundi kinauza magunia 50, na kila gunia lina kilo 130 badala ya 100. Kilo 30 mara 50 ni kilo 1,500 zilizoondoka bila kulipwa. Kilo moja ikiwa Sh. 500/=, kikundi kimempa mnunuzi zawadi ya Sh. 750,000/= katika msimu mmoja. Nimeweka bei hiyo kwa ajili ya mfano. Wekeni bei ya msimu wenu muone jibu.

Kikundi hichohicho utakikuta kimeomba mkopo wa kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za mauzo. Kumbukumbu zipi? Za magunia ambayo uzito wake haujulikani? Kompyuta haiwezi kutengeneza ukweli ambao haukupimwa shambani. Mizani ya kuning'iniza au ya jukwaa, iliyohakikiwa na kugongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, hurudisha fedha yake kabla ya chombo kingine chochote. Nasisitiza uhakiki, kwa sababu hurudiwa kila mwaka, na mizani ambayo haikuhakikiwa haina hoja mbele ya mnunuzi wala mbele ya sheria. Tena mizani ndogo ya jikoni si ya biashara, hata kama ni mpya na inawaka taa.

Sasa niingie katika mashine zenyewe. Wakubwa kati yetu wanakumbuka vinu vya kusagia vya vijiji vya miaka ya 1970. Vingi vilikuja kwa shangwe, vikasaga kwa muda, halafu ukanda ukakatika au pampu ikaharibika, na kipuri hakikupatikana. Kinu kikawa kibanda cha kuku. Ubaya haukuwa wa kinu, maana akina mama walikihitaji na wanakihitaji hata leo. Aliyekinunua alihesabu bei ya dukani peke yake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka 1972, mjini Iringa, siasa ya Siasa ni Kilimo ilikuwa imekwisha kututaka twende kwa hatua ambazo mkulima mdogo anazimudu, plau ya kukokotwa na ng'ombe ikiwa mojawapo, badala ya kuruka kutoka jembe la mkono hadi trekta. Tulilikubali jambo hilo kwa makofi.

Mtu akitaka kujua gharama ya kweli ya mashine, na aanze na umeme. Vijijini, ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja katika miradi ya REA imekuwa Sh. 27,000/=, na fedha hiyo imewafanya wengi wadhani kwamba umeme ni jambo dogo. Ada hiyo haihusu nyaya za ndani ya nyumba, wala haihusu umeme wa njia tatu. Kinu cha kukoboa na kusaga huhitaji mota kubwa, na mota kubwa aghalabu ni ya njia tatu. Ikiwa laini inayopita mbele ya kibanda chenu ni ya njia moja, mota hiyo itakaa kwenye boksi huku mkopo ukidaiwa riba. Kwa hiyo mtu aende kwanza ofisi ya TANESCO aulize ni laini gani inayopita na kuileta njia tatu kutagharimu nini, apewe jibu la maandishi, ndipo aende dukani. Safari hiyo ni nauli tu.

Baada ya umeme aulize habari za fundi. Kutoka Iwawa hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 100. Barabara sasa ni nzuri, nani asiyeshukuru, lakini lami haikuondoa nauli ya fundi, posho yake, wala siku ambazo mashine imesimama na wateja wamekwenda kwa jirani. Mashine ya aina ambayo fundi wa hapahapa anaifahamu, na ambayo beringi na mikanda yake inauzwa Makambako, inaweza kuwa ghali dukani na bado ikawa nafuu kuliko ile ya kigeni ambayo kipuri chake huagizwa kwa majuma. Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji awaonyeshe vipuri vitatu vinavyochakaa haraka. Akishindwa kuvionyesha, amekwisha kuwajibu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wahasibu mnaijua ila hamwaelezi wanachama, nayo ni uchakavu. Mashine ya Sh. 3,000,000/= inayotarajiwa kufanya kazi miaka 5 inakula Sh. 600,000/= kwa mwaka, yaani Sh. 50,000/= kila mwezi, hata kama haikuwashwa. Ikiwa kikundi kinahitaji mashine ya namna hiyo siku 8 tu kwa mwezi, na mwenye mashine mjini anakodisha kwa Sh. 5,000/= kwa siku, kukodi ni Sh. 40,000/=. Kukodi kuna udhia wake, najua. Utapangiwa siku, na mwenye mali anaweza kukubadilikia. Lakini miezi sita ya kukodi itawafundisha kama wateja wapo, na ni mashine ya ukubwa gani inayotosha. Akina mama wanaotaka kukaanga krispi za viazi wanaweza kuanza na kikatio cha mkono, karai, na kimashine kidogo cha kufungia mifuko. Siku watakapokataa oda kwa sababu mikono imeshindwa, siku hiyo ndiyo ya kuzungumza juu ya mashine ya umeme.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba kila kilicho rahisi ni nafuu. Ninyi mnaoishi na misitu ya misindano mnazijua mashine za kupasulia mbao ziitwazo dingdong. Ni za bei ndogo, zinahamishika hadi msituni, na fundi wa kawaida anazimudu. Zimewapa vijana wengi kazi, na mimi sizidharau. Lakini msumeno wake ni mnene, na kila unapopita huacha unga mwingi chini, na mikono isiyo na uzoefu hutoa mbao za unene usiolingana ambazo mnunuzi hukata bei. Mwenye mti wake mwenyewe anapoteza mbao katika kila gogo. Kwa hiyo kikundi kinachopasua magogo machache kwa mwaka kitumie dingdong bila wasiwasi. Kikundi chenye shamba kubwa linalokaribia kuvunwa kikae na kalamu, kihesabu mbao zinazobaki kwenye unga, kisha kilinganishe na bei ya msumeno mwembamba. Huenda chombo cha bei kubwa kikashinda hapo. Unafuu hupimwa kwa kila ubao unaouzwa.

Nije kwenye simu na vitabu vya hesabu, ambako vijana wetu wana haraka zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, simu ndogo ya kitochi imekuwa sanduku la fedha la mfanyabiashara mdogo. Hii ni teknolojia ambayo kila mwanachama tayari anayo, na kwa mwanzo yatosha. Ila ina gharama mbili zisizoonekana. Kwanza ni makato ya kutuma na kutoa, ambayo yaingizwe katika bei ya bidhaa. Nayo hubadilika: tozo ya serikali juu ya miamala ilianza Julai 2021, ikapunguzwa mwezi Septemba wa mwaka huohuo, na waliopanga bei zao bila kuacha nafasi walihangaika. Pili ni jina la mwenye laini. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Laini ya kikundi ikisajiliwa kwa vidole vya katibu, fedha ya kikundi iko mkononi mwa katibu, na akihama, akiugua au akifariki, wanachama watasimama mlangoni mwa warithi wake. Sisemi haya kwa kuwatilia shaka makatibu waliopo hapa. Laini isajiliwe kwa jina la kikundi chenyewe, na kila jioni kiasi kilichomo kiandikwe kwenye daftari mbele ya mtu wa pili.

Naam, daftari. Lenye mistari, la fedha taslimu, pamoja na kitabu cha stakabadhi chenye nakala. Mhasibu anayeweza kufunga hesabu za mwezi kwenye daftari ataweza kuzifunga kwenye kompyuta. Asiyeweza, kompyuta itamsaidia kukosea kwa haraka zaidi. Zipo programu za hesabu zinazolipiwa kila mwezi, nyingine kwa dola, na anayezichukua ajue kwamba amejiwekea kodi ya nyumba ya pili. LibreOffice haina malipo, na kompyuta iliyokwisha kutumika inaiendesha vizuri. Kwa vyama vilivyoandikishwa, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU kwa mambo ya usajili na taarifa, kwa hiyo pasiwe na chama kinachouziwa programu ya kufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu mashine za stakabadhi za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, nitasema kwa ufupi. Wajibu wa kuwa nayo hutegemea mauzo ya mwaka, na kiwango hicho kimekuwa kikibadilishwa na sheria za fedha. Asinunue mtu kwa kuambiwa na muuzaji. Aulize ofisi ya TRA. Vivyo hivyo alama ya ubora: TBS imekuwa ikiwapa wajasiriamali wadogo wanaopitishwa na SIDO huduma ya kuthibitishiwa bidhaa bila malipo katika miaka 3 ya mwanzo. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna yetu, na nasikitika kwamba wapo wanaomlipa mtu wa kati kwa jambo ambalo barua moja ya SIDO ingelimaliza.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa pendekezo ambalo naomba liingizwe katika kumbukumbu za kikao hiki. Vyama vitatu vilivyo jirani vinunue kwa pamoja mizani moja ya jukwaa kabla ya mavuno yajayo ya viazi. Kila chama kichange theluthi moja ya bei na ya ada ya uhakiki. Mizani itunzwe kwenye ghala lililo katikati, na itolewe kwa zamu kwa kusainiwa katika daftari. Kila gunia lipimwe mbele ya mnunuzi, na kilo zake ziandikwe katika stakabadhi yenye nakala. Baada ya msimu, wahasibu watatu wakutane, walinganishe kilo na fedha zilizopokelewa, kisha walete taarifa hapa. Tofauti itakayoonekana ndiyo itakayotuambia kama tuna fedha ya kununulia kompyuta.

Sasa nakurudishia nafasi kwa maswali.