Mtu wa Mihuri: Habari za Mchora Katuni Saul Steinberg

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba nizungumzie mafanikio kazini. Mimi nilikuwa afisa wa uhamiaji kwa miaka 26, sehemu kubwa mpakani, na kazi ile haina mengi ya kusimuliwa hadharani. Kwa hiyo nitawaeleza habari za mtu mwingine, ambaye karatasi za aina ile niliyokuwa nikiigongea mihuri zilikaribia kumtia kaburini, na baadaye zikampatia ugali wake.

Saul Steinberg alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Râmnicu Sărat, nchini Romania, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1933 alikwenda Milan, Italia, kusomea ujenzi wa majumba. Akiwa bado mwanafunzi akaanza kuchora katuni katika gazeti la vichekesho liitwalo Bertoldo, na wasomaji wakampenda. Lakini mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Alipohitimu mwaka 1940, cheti chake kiliandikwa waziwazi kwamba mwenyewe ni wa kabila la Kiyahudi. Hebu fikirini, vijana: umesoma miaka yote hiyo, na karatasi unayopewa ndiyo inayokufungia mlango wa kazi.

Akahangaika kutafuta viza. Mwaka huo huo wa 1940 alifika Lisbon, Ureno, akarudishwa Italia. Mwaka 1941 akakamatwa, akawekwa kambini Tortoreto. Alipotoka alipita tena Lisbon, safari hii akafanikiwa kuvuka bahari. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba pasi yake ilikuwa ya bandia kidogo, kwa kuwa aliirekebisha kwa mhuri aliojitengenezea. Wenzangu wa uhamiaji mlioko humu, naona mnacheka! Mimi nimewahi kushika pasi za namna hiyo. Wengi waliozileta hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu waliokwisha kupanga foleni kila penye foleni.

Marekani nayo haikumpokea mara moja. Nafasi za Waromania zilikuwa zimejaa, akapelekwa Santo Domingo, akangoja huko karibu mwaka mzima. Akiwa huko alituma michoro New York, na mwezi Oktoba 1941 gazeti la The New Yorker likatoa katuni yake ya kwanza. Ndani yake mwanafunzi wa sanaa amechora kiumbe chenye kichwa cha farasi na miguu ya mtu, kinyume cha desturi, naye anajitetea kwa mwalimu wake kwamba hata hivyo ni nusu mtu na nusu farasi. Walimu msikasirike. Michoro yake ilitangulia kuingia nchini. Mwenyewe aliingia mwaka 1942. Mwaka uliofuata, siku moja, akapewa uraia na cheo katika jeshi la majini, akatumwa hadi China.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya baada ya vita. Mtu yule, ambaye sasa alikuwa na pasi halali, alianza kuchora pasi, vyeti na diploma za uongo. Maandishi yake yalikuwa mazuri ajabu, yenye mikia na madaha, lakini hayasomeki hata neno. Aliongeza mihuri na alama za vidole gumba. Kitabu chake cha mwaka 1954 alikiita The Passport. Nilipokiona mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kustaafu, nami nilishtuka, maana alikuwa amechora meza yangu! Sisemi mihuri ifutwe. Nchi lazima ijue nani anaingia. Lakini niliona akina mama wakifika na mtoto mgongoni na cheti kimoja kilicholowa maji ya ziwa, na cheti kile hakikueleza hata robo ya aliyekishika.

Kwa The New Yorker alichora majalada zaidi ya 80. Linalojulikana kuliko yote ni la Machi 1976: barabara mbili tatu za New York zimechorwa kubwa, kisha mto Hudson, halafu Marekani yote kama kiwanja kitupu, bahari, na kwa mbali China, Japani na Urusi. Afrika haimo. Mtu wa Dar es Salaam angechora Kariakoo, Ubungo, kisha aandike "mikoani". Picha ile iliigwa dunia nzima bila yeye kulipwa, hata tangazo la sinema moja ya mwaka 1984 likaiga. Akaishtaki kampuni ya Columbia Pictures, na mwaka 1987 mahakama ikampa haki. Alifariki New York mwaka 1999.

Nimeambiwa kidato cha tatu yupo kijana ambaye wazazi wake walivuka ziwa, na daftari lake la hesabu limejaa nyuso za walimu. Namwomba Mwalimu Mkuu asimchape. Awe anaweka sahihi na tarehe chini ya kila mchoro.

Kitabu cha Steinberg nimekiacha kwa mtunza maktaba. Kisomwe humo humo, kisitoke nje.