Zana za Msasi Asiye na Fedha Nyingi

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za zana za uwindaji, hasa zile zimfaazo msasi asiye na fedha nyingi. Watu wengi hudhani kwamba mwenye viatu vya bei kubwa na kofia nzuri ndiye atakayerudi na nyama. Hata mimi nilidhani hivyo zamani, nikajuta.

Kabla ya zana zote, yapasa kuwa na ruhusa. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nchini Tanzania watu huruhusiwa kuwinda, lakini kwa leseni, kama iagizavyo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mitego ya waya, mashimo na sumu ni haramu kwa mwenye leseni, wala si bure. Maana waya hauchagui, humnasa dume na jike mwenye mimba sawasawa, na aliyenaswa hufa polepole pasipo mtu kumwona.

Sasa nisikilizeni. Nilipokuwa kijana nilikwenda kuwinda pamoja na mjomba wangu katika miombo ya Tabora. Leseni tulikuwa nayo. Mimi nilikuwa nimenunua viatu vipya vya soli ngumu na shati jeusi. Mjomba alichukua kisu kikali, maji, kamba, kiberiti, mfuko mdogo wa kitambaa wenye majivu, na fimbo tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa ukanda wa mpira wa baisikeli. Nikacheka, nikasema, "Mjomba, majivu hayo ni ya nini?" Akajibu, "Mpwa wangu, ndiyo yatakayotuambia upepo waenda wapi."

Basi kila tulipokwenda kitambo aliutikisa mfuko, na vumbi la majivu likaelea. Likielekea mbele, tulizunguka. Likitujia usoni, tuliendelea. Alinifundisha kwamba alfajiri hewa ya baridi hushuka bondeni, na jua likipanda hewa hupata joto ikapanda mlimani. Mnyama aweza kukuona akasimama akitazama, lakini akikunusa hangoji.

Shati langu nalo lilinipa taabu, maana mbung'o waliniuma mgongo asubuhi yote. Wadudu hao huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu. Ndiyo sababu mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya majani makavu. Na viatu vyangu vipya vilivunja kila kijiti. Soli laini iliyokwisha kuzoea mguu ni bora.

Karibu na saa tatu tukamwona kongoni amesimama juu ya kichuguu. Mjomba akazitanua fimbo zake, zikasimama kama mafiga, akanionyesha niegemeze bunduki. Kwa kiburi nikakataa. Nikapiga nikiwa nimesimama, na mikono ikitetemeka. Risasi ikampata tumboni, naye akakimbia.

Mjomba hakunikemea. Aliketi chini, akanifundisha mambo ambayo sikuyasahau. Mnyama akisimama ubavu, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, upande juu hata theluthi moja ya kimo cha mwili. Hapo ndipo penye moyo, na mapafu yapo juu yake. Ukiisha piga, usikimbilie. Weka alama mahali aliposimama, kisha tazama damu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Ikiwa imechanganyika na majani yaliyotafunwa, ni ya tumbo. Ngoja saa kadhaa, maana ukimfukuza atakwenda mbali sana, lakini ukimwacha atalala. Damu ikipotea, mmoja asimame penye tone la mwisho, mwenziwe azunguke kutafuta jingine.

Tulingoja hata adhuhuri, kisha tukamfuata. Jua lilipokuwa karibu kuchwa tukamkuta amelala kichakani, yu hai bado. Alinitazama. Nikammaliza, nami nikaona haya. Mjomba akasema, "Angalikuwa nyati, nasi tukamwacha, kesho mwanamke aendaye kuni angalilipa kosa lako."

Maneno hayo ndiyo niliyotaka kuwaleteeni leo. Fimbo zile tatu hazikugharimu hata senti moja, nazo zingalimwokoa mnyama yule na mateso ya kutwa nzima. Basi, mwenye fedha kidogo azitumie hivi: kwanza leseni, pili risasi chache za kujifunzia shabaha mahali paliporuhusiwa, tatu mafuta na kitambaa cha kusafishia mtutu, nne kisu kizuri na jiwe la kukinolea. Vichwa vya njiti za kiberiti vichovye katika nta ya mshumaa, visilowe. Mnyama akiisha kufa, mpasue na kumchuna upesi, na nyama uitundike kivulini penye upepo. Mambo mengine yaweza kungoja.

Na kama hujamwona mnyama vizuri, au mkono haujatulia, usipige. Kurudi nyumbani mikono mitupu si aibu. Aibu ni kumwacha mnyama porini na jeraha lako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.