Mguu Una Mishipa ya Aina Tatu: Maradhi Tunayoyaona Kila Siku na Kuyanyamazia

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi chetu kutimiza miaka kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima tukafika siku ya leo. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea dua. Miaka kumi si mchezo. Mtindo huu wa kuweka na kukopa katika sanduku ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika kwetu Unguja, katika vijiji vya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Sisi tumeukuta wenzetu wameshauzoea, na sisi tukaushika, na mpaka leo hatujauachia.

Habari za hisa na faida atazisoma Mshika Fedha. Sisi leo tunataka kusema juu ya miguu. Msitucheke. Mwenye kuuliza sanduku na miguu vinahusiana nini, tunamjibu kuwa sanduku letu linatembea kwa miguu. Muuza vitumbua anasimama mbele ya jiko tangu alfajiri. Muuza mboga anasimama Darajani mpaka jioni. Wenzetu wa Paje na Jambiani, ambako ukulima wa mwani ulianza mwaka 1989, wanashinda ndani ya maji ya bahari. Wa Mji Mkongwe wanapanda ngazi na kushuka, ndoo mkononi. Mguu ukikataa, hisa hainunuliwi na mkopo haurudi.

Na iko sababu nyengine. Katika miaka hii kumi wako wenzetu walioacha kuja mkutanoni, si kwa ugomvi wala si kwa deni. Wameona haya kukaa mkekani na mguu uliovimba au wenye kidonda, watu wakatazama. Hisa zao huletwa na mtoto. Kwa maneno yetu wenyewe tunasema "ana mguu", basi, tumemaliza. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Tunataka tusifike kwenye kilio.

Ndugu wanachama, sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Moja ikiharibika, sanduku halifunguki ijapokuwa mbili ni nzima. Na mguu una mishipa ya aina tatu. Ya kwanza inaleta damu kutoka moyoni. Ya pili inairudisha damu juu kwenye moyo. Ya tatu inachukua maji yanayobaki katika nyama na kuyarudisha kwenye damu, na hiyo madaktari wanaiita mishipa ya limfu. Kila aina ina maradhi yake na dalili zake. Sisi tumezoea kuyaita yote uzee, au baridi, au jicho la mtu.

Tuanze na mishipa inayorudisha damu. Kazi yake ni ngumu kwa sababu damu inapanda mlima. Ndani yake mna vijilango vinavyozuia damu isirudi chini, na shavu la mguu likijikunja tunapotembea ndilo linaloisukuma. Mtu akisimama mahali pamoja kutwa nzima, au akiwa amezaa mara nyingi, au ana uzito mkubwa, vijilango vinalegea. Damu inatuama, mishipa inatokeza kama kamba, na jioni mguu unakuwa mzito, asubuhi umenywea. Ukiachwa miaka, ngozi karibu na kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, halafu kinatoka kidonda kisichopona. Dawa ya mwanzo haina bei. Tusisimame kama nguzo. Tutembee hatua chache kila baada ya muda, tuinue visigino juu na chini, na tukipumzika tuweke miguu juu ya mto. Bendeji au soksi ya kubana inasaidia sana, lakini daktari aupime mguu kwanza, kwani mwenye mishipa ya kuleta damu iliyoziba akibanwa anaweza kudhurika.

Katika mishipa hiyo hiyo damu huweza kuganda. Hapa tunaomba mabinti na wakwe zetu wasikilize. Hatari hiyo huwa kubwa baada ya kupasuliwa, baada ya kulala kitandani siku nyingi, na katika wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, ambazo kwa hesabu ndizo arubaini zetu. Dalili yake ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenziwe, shavu la mguu kuuma na kuwa la moto. Sisi mzazi wetu tunamkanda kwa maji ya moto, tunamfunga mkaja, tunamlaza. Hatusemi mila ziachwe, kwani mapenzi ya mama yamo humo. Tunasema mzazi ainuke atembee ndani ya nyumba mara kwa mara, na mguu wenye dalili hizo usikandwe wala usisingwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Damu iliyoganda ikikatika hukimbilia mapafuni. Mtu akapata pumzi za ghafla na maumivu ya kifua, na anaweza kufa. Ikiwahiwa, dawa zake zipo.

Sasa mishipa inayoleta damu. Hii huingia mafuta ukutani mwake ikawa nyembamba, kama bomba la maji lililoingia kutu. Maadui zake wakubwa ni sigara, kisukari, presha ya juu na mafuta mengi katika damu. Dalili yake ni tofauti na ile ya kwanza. Shavu la mguu linauma mtu akitembea au akipanda ngazi, akisimama dakika chache linaacha, akiendelea linarudi. Wako wanaosimama kila kituo cha ngazi za Mji Mkongwe wakajifanya wanamsalimia jirani, kumbe mguu unaomba damu. Baadaye mguu unakuwa wa baridi, kidonda kidogo cha kidole hakiponi, kidole kinaanza kuwa cheusi. Hapo ndipo tunaposikia habari za kukatwa, na watu wanasema hospitali wanapenda kukata miguu. Mguu ule ulikuwa unaomba msaada siku nyingi kabla ya msumeno.

Mwenye kisukari ana hatari mara mbili, kwani mishipa ya fahamu nayo inakufa ganzi. Anakanyaga msumari asijue. Anaota moto wa mkaa, anaungua, asihisi. Kwa hivyo mwenye kisukari ajitazame nyayo kila usiku, au amwambie mjukuu amtazamie, na asiende mwanini wala uani bila ya viatu.

Na presha haipigi hodi. Upimaji uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta kiasi cha mtu mmoja katika kila watu watatu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Hebu tazameni mkeka huu tuliokaa, mhesabu moja, mbili, tatu. Mtu haumwi kitu mpaka siku ya kiharusi. Ikipimwa mara kwa mara ikawa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo inahitaji daktari. Na anayepewa vidonge asiviache kwa sababu amejiona mzima. Mara nyingi uzima ule ameupata kwa vidonge hivyo hivyo.

Tumefika aina ya tatu, mishipa ya limfu, na maradhi yake tunayajua kwa jina la matende, na kwa wanaume mabusha. Mengi yamesemwa juu yake. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni kunywa madafu mengi. Madafu hayana kosa lolote. Matende yanaletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoingizwa na mbu. Minyoo inakaa ndani ya mishipa ya limfu miaka kadhaa, inaiharibu, na maji yanakosa njia. Hapa Unguja mbu wake ni yule anayeuma usiku, anayezaliana katika maji machafu ya vyoo na makaro. Kukaa na mwenye matende, kula naye sahani moja au kumpa mkono, hakuambukizi kitu.

Na katika jambo hili kisiwa chetu kimewafundisha wengine. Mwaka 1988 huko Makunduchi, watu wa Afya wa Zanzibar pamoja na wataalamu kutoka London, akiwemo mtaalamu wa mbu Chris Curtis, walimwaga katika mashimo ya vyoo yenye maji chembe nyeupe za polistirini, lile povu gumu linalofungiwa televisheni ndani ya boksi. Chembe zinaelea, zinafunika maji kama blanketi, na watoto wa mbu wanakosa pumzi. Wakati huo huo watu wakapewa dawa ya matende. Kabla ya hapo karibu nusu ya waliopimwa damu walikutwa na vijidudu. Baada ya miaka mitano walibaki wachache tu. Mahali pengine Unguja palipotolewa dawa bila ya kushughulikia mbu, maambukizo yalianza kupanda tena. Hapo tunapata somo la kuwa dawa na usafi wa karo vinakwenda pamoja kama hisa na mkopo.

Kisha mwaka 2001 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, tukaanza kugawiwa dawa za matende nyumba kwa nyumba kila mwaka, na wengi waliomo humu walizimeza. Maradhi yalipungua sana. Upimaji wa baadaye ulionyesha kuwa hayajatoka kabisa, dawa zikarudi kugawiwa. Kwa hivyo mgawaji akibisha mlango tumeze, tusitupe vidonge nyuma ya kabati akishatoka.

Lakini dawa hizo hazirudishi mguu uliokwishavimba. Je, mwenye mguu ndio tumwache? La. Zile homa zinazomwangusha, mguu ukawa moto na mtoki ukatoka, mara nyingi zinaletwa na vijidudu vinavyoingia katika nyufa za ngozi na baina ya vidole. Mguu ukioshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu bila ya kusugua, ukakaushwa vizuri baina ya vidole, nyufa zikatiwa dawa, mguu ukainuliwa wakati wa kulala na kifundo kikachezwachezwa, homa hizo zinapungua sana na mguu hauendelei kuharibika. Na mabusha yanapasuliwa yakapona. Wanaume wetu waambiwe, na tusiwacheke.

Ndugu wanachama, maneno matupu hayanunui hisa. Tunauomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Kwanza, mara moja kila miezi mitatu tumwalike muuguzi wa kituo cha afya aje siku ya mkutano atupime presha na sukari, kabla sanduku halijafunguliwa. Atakayekutwa na tatizo ni siri yake na muuguzi.

Pili, mkopo wa matibabu ya mguu uliovimba ghafla, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au kidole kinachokuwa cheusi, usingojee siku ya mkutano. Wenye funguo tatu wakutane siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, na iandikwe daftarini.

Tatu, mfuko wa jamii umnunulie kila mwenzetu mwenye matende beseni, taulo na sabuni, na jirani yake aliye karibu amsaidie kuosha mpaka azoee.

Nne, tuyatazame makaro yetu, kila mtu la kwake. Kifuniko kilichovunjika kifunikwe, bomba la hewa litiwe wavu, na tulale ndani ya vyandarua.

Kwa wenzetu ambao leo wako nyumbani kwa sababu ya mguu, kitabu hiki kitawafikia huko huko, na maneno haya ni yao kabla ya kuwa yetu. Nafasi zenu mkekani zipo. Tumeongeza na viti, anayetaka kunyoosha mguu anyooshe. Hatuwataki kwa hisa tu, tunawataka wenyewe.

Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuja. Sheha wetu, tunakushukuru kwa kutuvumilia miaka yote kumi. Waume zetu waliotupa ruhusa, na wale waliotupa kwa shingo upande, wote ahsanteni. Mapazia na mabati mmeyaona. Mwenyezi Mungu atupe afya, atuzidishie umoja, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.