MFANYAKAZI ALIYE MBALI NA KWAO
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka, Lodwar



Twapenda kusema juu ya mtu afanyaye kazi mbali na jamaa zake: ni nani amtazamaye akiisha kuweka kalamu au jembe chini?

Katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi wengi hukaa mtaa mmoja, nyumba za kampuni, na jirani humjua jirani. Hapa Lodwar na kule Kakuma hakuna shamba la namna hiyo. Mwalimu, mwuguzi na dereva hupanga chumba peke yao, na pengine jamaa zao wako mbali malishoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri atoe nyumba au posho ya kutosha ya nyumba, maji safi mahali pa kazi, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hayo ni haki, wala si hisani. Lakini sheria haikeshi na mgonjwa, wala haichimbi kaburi. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Basi ombi letu ni hili. Tangu kambi ya Kakuma ianzishwe mwaka 1992, wakimbizi wengi wamefundisha watoto na kuhudumia wagonjwa kwa posho ndogo isiyoitwa mshahara, kwa kuwa vibali vya kazi vilikuwa vigumu kupatikana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imetambua haki yao ya kufanya kazi. Je, mfuko wetu wa ugonjwa na mazishi utawafungia mlango?

Wako wazee wasemao kwamba mfuko ni mdogo, na kwamba ukame ulioanza mwaka 2020 uliwamalizia watu wetu mifugo. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulidharau. Kwa hiyo hatuombi sadaka. Twaomba kanuni moja tu: alipaye ada sawa asaidiwe sawa, awe mzaliwa wa Turkana au mgeni, na asiyelipa asidai.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kabla ya kupiga kura, wazee wetu, na tuupime mzigo huo kwa mabega yetu wenyewe.