Sakafu ya Saruji katika Banda la Kazi



Katika mtaa kama Matisi, kando ya mji wa Kitale, si ajabu kumwona mwenye kazi ya ofisini amelala Jumamosi chini ya gari lake kuukuu, akilitengeneza si kwa kutafuta fedha bali kwa kuufurahisha moyo. Mtu huyo akikusudia kujenga banda la kazi hiyo, mara nyingi huanza kufikiri habari za mabati na milango. Lakini bati likivuja hubadilishwa kwa siku moja. Sakafu ikiharibika hapana budi kuivunja kwa nyundo, na saruji yake hairudi mfukoni. Tena jeki ikididimia katika sakafu dhaifu, hasara si ya fedha tu, yaweza kuwa ya uhai.

Basi jambo la kwanza ni kujua sakafu itabeba nini. Kwa gari dogo, unene wa inchi 4 watosha. Mahali pa jeki au mashine nzito pafanywe inchi 6.

La pili ni ardhi. Udongo wa juu wenye mizizi uondolewe wote, mawe yatandazwe na kushindiliwa sana, kisha itandikwe karatasi ya nailoni kuzuia unyevu. Sakafu iliyo juu ya udongo mlegevu, hata ikiwa na saruji nyingi, itazama.

La tatu ni hesabu. Banda la futi 12 kwa 20, lenye sakafu ya inchi 4, lataka zege la futi 80 za ujazo. Kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, ni mifuko 15 hivi ya kilo 50. Yote iwepo kabla ya kuanza, kwa maana zege la leo halishikamani vema na la kesho. Sakafu iinamishwe kuelekea mlangoni, inchi 1 kwa kila futi 5, ili maji yasituame.

La nne ni maji. Vibarua hupenda zege jepesi kama uji, maana humwagika kwa urahisi. Lakini mwaka 1918 Duff Abrams alionyesha huko Chicago ya kwamba kadiri maji yanavyozidi kwa saruji ile ile, ndivyo zege linavyopungua nguvu. Kwa mfuko mmoja lita 25 zatosha, nazo zipunguzwe mchanga ukiwa umelowa. Zege likisha kushika, adui huyo hugeuka rafiki: sakafu ifunikwe na kuloweshwa siku 7 kwa uchache, na gari lingoje mpaka siku 28. Jua na upepo wa Januari hunyonya maji upesi, kwa hiyo mapipa yajazwe kabla mifuko haijafunguliwa.

Mwisho ni nyufa. Zege likikauka hujikunyata, na kupasuka litapasuka. Mwenye akili hulichagulia mahali pa kupasukia, kwa kukata mfereji mwembamba kila futi 10, wenye kina cha robo ya unene. Ndipo ufa hufuata njia yake wala hautangitangi.

Karatasi na kalamu za jioni moja hazifikii bei ya mfuko mmoja wa saruji. Azitumiaye kwanza atalala chini ya gari lake bila hofu, na watoto wake watamkuta mzima saa ya chakula.